Kutazamana ni Mwanzo tu

Mpenzi msikilizaji, sisi wa Arusha tunaujua Mlima Meru. Zipo siku mawingu huufunika tangu asubuhi mpaka jioni, wala hakuna anayeuliza umekwenda wapi. Leo tuzungumzie mapenzi ya namna hiyo, yanayobaki hata pale macho yanapokuwa hayaoni kitu.

Vijana wanaotazamana pale Mnara wa Saa hudhani huko kutazamana ndiko kupenda kwenyewe. Wahenga nao walisema, ukipenda, chongo huita kengeza. Lakini macho hayo hudumu muda gani?

Tuchukue kisa kimoja cha Zanzibar. Bibi Salme, binti wa Sultani Said, alizaliwa mwaka 1844. Ukubwani alikuwa jirani wa mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Kwa kuwa nyumba yake Salme ilikuwa ndefu zaidi, aliweza kuwaona wageni wa jirani yake wakistarehe. Basi wakaonana, wakapendana, na Salme akapata mimba.

Mwezi Agosti, 1866, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Tarehe 30 Mei, 1867, alibatizwa kwa jina la Emily na siku hiyo hiyo akafunga ndoa na Ruete. Wakaenda Hamburg. Kwa mapenzi hayo aliacha dini, ndugu na nyumbani. Wapo waliomwona mkosaji mpaka mwisho, na machungu ya jamaa zake hatuwezi kuyadharau.

Ndoa ile ilidumu miaka mitatu tu. Agosti, 1870, Ruete aligongwa na tramu akafa. Salme alikuwa na umri wa miaka 25, mgeni katika nchi ya baridi, na watoto watatu wadogo. Hakuolewa tena. Alifundisha Kiarabu ili apate riziki, akawalea wanawe, na mwaka 1886 kitabu cha maisha yake kikachapishwa. Alifariki mwaka 1924, akazikwa Hamburg katika kaburi la ukoo wa mumewe.

Piga hesabu, ndugu msikilizaji. Miaka michache ya kutazamana, zaidi ya 50 ya kutoonana.

Basi kijana anayetaka kuoa au kuolewa asijiulize tu kama mwenzake anavutia. Ajiulize: siku macho haya yatakapokuwa hayana cha kutazama, nitakuwa bado nampenda? Mawingu yakishuka, Meru upo pale pale.