Mazoezi ya Nguvu kwa Waliopatwa na Kiharusi: Historia ya Katazo Moja

Mwaka juzi babu yangu, ambaye sisi Waganda humwita jjajja, aliamka alfajiri akashindwa kuinua mkono wake wa kulia. Mdomo ulikuwa umepinda na maneno hayakutoka. Kilikuwa kiharusi. Aliporudishwa nyumbani, tuliambiwa apumzike na asinyanyue chochote kizito, kwa sababu misuli yake ingekaza zaidi. Tulitii. Tulimlisha, tulimgeuza na kumbeba kwa miezi minane, na mguu wake ukazidi kukonda machoni petu. Kisha akaja binti mmoja mtaalamu wa tiba ya viungo. Alimketisha jjajja kwenye kiti, akamshika kiunoni, akamwambia, "Mzee, simama. Sasa kaa. Simama tena." Shangazi yangu alipiga kelele kwamba anamuua baba yake.

Tangu siku hiyo nimejiuliza ni nani kati yao alisema kweli. Katika insha hii nitaonyesha kwamba kila mmoja alirudia alichofundishwa, na kwamba kila fundisho lina tarehe yake.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale. Wagiriki wa zamani za Hippocrates waliupa jina lenye maana ya kupigwa na kuangushwa ghafla. Chanzo chake hakikujulikana kwa karne nyingi. Mwaka 1658 daktari Mswisi, Johann Jakob Wepfer, alichapisha kitabu kilichoeleza maiti alizozipasua: baadhi ya waliokufa kwa ugonjwa huo walikuwa wamevuja damu ndani ya ubongo. Hapo ilianza kueleweka kwamba kasoro haiko kwenye mkono wala mguu, bali kichwani. Hata hivyo, tiba haikubadilika sana. Mgonjwa alilazwa kitandani na kusubiri majaliwa. Oktoba 1919 Rais Woodrow Wilson wa Marekani alipooza upande wa kushoto. Alifichwa chumbani kwa majuma mengi, na hakupona kabisa hadi alipofariki mwaka 1924. Kama mkuu wa taifa kubwa alitunzwa hivyo, mkulima wa kawaida angetarajia nini?

Mabadiliko ya kwanza yalitoka vitani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hospitali za jeshi la Marekani zilijaa askari walioumia magoti na miguu. Desturi ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi yanayorudiwa mara nyingi. Daktari kijana Thomas DeLorme, aliyekuwa katika hospitali ya jeshi mjini Chicago, aliwahi kunyanyua vyuma ujanani baada ya kuugua, akaona nguvu zikimrudia. Akawapa askari vyuma vizito, wanyanyue mara chache, na uzito uongezwe kadiri wanavyopata nguvu. Alichapisha matokeo yake mwaka 1945. Baadaye njia hiyo ilitumiwa pia kwa watu waliodhoofishwa na polio. Kanuni yake ni rahisi: msuli usiobebeshwa mzigo hauna sababu ya kupata nguvu.

Kwa nini basi vyuma hivyo havikuwafikia wagonjwa wa kiharusi? Hapa ndipo tunakutana na katazo lenyewe. Mjini London waliishi mke na mume waliokimbia utawala wa Wanazi huko Ujerumani. Mke, Berta Bobath, alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na mume, Karel, alikuwa daktari. Katika miaka ya 1940 Berta alimhudumia mchoraji aliyepooza upande mmoja, ambaye mkono wake ulikuwa umekaza sana. Badala ya kuuacha mkono huo na kuuzoeza ule mzima tu, kama wengi walivyofanya, alitafuta namna ya kuulegeza. Akaona kwamba mwili ukiwekwa vizuri na kuongozwa polepole, mkono hulegea. Huo ulikuwa ugunduzi wenye huruma, kwa sababu uliupa upande uliopooza nafasi ya kupona.

Lakini fundisho hilo lilikuja na tahadhari. Berta Bobath aliona kwamba mgonjwa akijikakamua sana, mkono hujikunja na mguu hukauka kama gongo. Kwa hiyo ikafundishwa kwamba kazi nzito huongeza kukaza kwa misuli, na kwamba mwendo mzuri urudi kwanza kabla ya nguvu. Kitabu chake kuhusu watu wazima waliopooza upande mmoja kilitoka mwaka 1970, na mafundisho yake yakaenea katika nchi nyingi. Naamini sauti iliyotuambia jjajja asinyanyue kitu ilikuwa mwangwi wa mafundisho hayo, uliopita midomo mingi hadi ukafika kijijini kwetu.

Katazo hilo lilianza kuhojiwa Australia. Janet Carr na Roberta Shepherd wa Sydney walitoa kitabu mwaka 1982 wakidai kwamba mgonjwa wa kiharusi ni mwanafunzi. Anajifunza upya kusimama, kutembea na kushika kikombe, na mtu hujifunza kazi kwa kuifanya. Miaka iliyofuata walisisitiza pia kwamba adui mkubwa ni udhaifu. Mtu asiyeweza kuinuka kitini mara nyingi hukosa nguvu ya kuinuka.

Hoja bila ushahidi haitoshi, na ushahidi ulikuja. Mwaka 1999 Luci Teixeira-Salmela na wenzake walichapisha jaribio la watu 13 waliokuwa wameishi na kiharusi kwa muda mrefu. Walifanya mazoezi ya nguvu na ya pumzi siku tatu kwa juma kwa majuma kumi. Nguvu ziliongezeka, mwendo ukawa wa kasi zaidi, na misuli haikukaza zaidi. Watu 13 ni wachache, lakini mwaka 2006 Louise Ada na wenzake walikusanya majaribio mengi wakafikia jibu lilelile, ingawa faida waliyoiona katika shughuli za kila siku haikuwa kubwa. Tayari mwaka 2004 Shirika la Moyo la Marekani lilikuwa limeshauri mazoezi ya nguvu siku mbili au tatu kwa juma, kwa uzito unaoweza kunyanyuliwa mara 10 hadi 15.

Historia hii isitufanye tukimbilie upande wa pili bila kufikiri. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa wagonjwa 2,104 katika nchi tano. Walioinuliwa kitandani mapema mno, ndani ya saa 24, na mara nyingi zaidi, walipata nafuu kidogo kuliko wale wa matunzo ya kawaida. Kwa hiyo kupumzika kuna wakati wake, na kazi ina wakati wake. Shinikizo la damu lipimwe kwanza, na mtaalamu ndiye aanzishe mzigo. Kosa letu halikuwa kumpumzisha jjajja siku za mwanzo. Tulikosea kugeuza siku hizo kuwa miezi minane.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Utafiti uliofanyika Tanzania, wilayani Hai na Dar es Salaam, kati ya mwaka 2003 na 2006, ulionyesha kwamba kiharusi si ugonjwa wa wazungu wala wa matajiri tu. Hospitali zenye mashine ni chache, lakini zoezi la kuinuka kitini halihitaji mashine. Uzito wa mwili wenyewe ni mzigo wa kutosha, na baadaye chupa ya maji inaweza kuwa chuma cha mkononi.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jjajja aliinama na kuinuka, mara tano kwanza, kisha kumi. Mkono wake bado haufungi kifungo cha shati. Lakini sasa hutembea na fimbo hadi kwenye mfenesi nyuma ya nyumba, na shangazi, yule aliyepiga kelele, ndiye anayehesabu.