Mwisenge kwa masomo, Nyegina kwa dini

Babu yangu wa Bunda alipenda kutuambia kuwa shule za misheni zilikuwa na masharti mawili: uisome hesabu, na katekisimu pia. Mtemi Nyerere Burito wa Butiama alimpeleka mwanawe Kambarage shule ya serikali, Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Dini kijana akaifuata mwenyewe kwa mapadri wa Nyegina. Hakuharakishwa: alibatizwa Desemba 1943, mwaka alioingia Makerere.

Kambarage Nyerere alipokuwa Rais wa Tanzania, Sheria ya Elimu ya 1969 ilizitia shule za misheni mikononi mwa serikali. Vyuo vikuu vya makanisa vilikuja baadaye. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) cha Mwanza, cha Maaskofu Katoliki, kilianza 1998. Mpwa wangu Mwislamu amesoma huko. Aliulizwa matokeo, si ubatizo.