Kufuga mbwa Masasi na Newala: Taratibu na gharama

WAKAZI wa Masasi na Newala, mkoani Mtwara, wanaotaka kufuga mbwa kwa mara ya kwanza wanapaswa kufahamu kuwa gharama haiishii katika kumpata mnyama huyo. Ipo ya kumtunza, na ipo ya kumkinga na kichaa cha mbwa, ugonjwa usio na tiba dalili zake zikishajitokeza.

Usajili: Mfugaji aanze kwa ofisa mifugo wa kata yake. Ada, pale inapotozwa, hupangwa na halmashauri husika, ya mji au ya wilaya, kwa sheria ndogo. Adai stakabadhi ya kila malipo.

Chanjo: Mbwa huchanjwa afikishapo umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kadi ya chanjo itunzwe, kwani ndiyo ushahidi endapo mbwa atamng'ata mtu.

Matunzo: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama kumpatia chakula, maji na malazi. Katika Uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya shida, gharama ya maji nayo ihesabiwe.

Akimng'ata mtu: Jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na majeruhi afikishwe hospitali siku hiyo hiyo pasipo kusubiri dalili. Chanjo ya binadamu hutolewa kwa dozi kadhaa, na gharama yake huizidi kwa mbali ile ya kumchanja mbwa.