Raia na Maendeleo: Maneno Mawili katika Historia ya Garissa

1.0 Utangulizi

Mwezi wa Septemba 2015, Umoja wa Mataifa ulipitisha Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu. Chini ya lengo la 4, linalohusu elimu, ipo shabaha ya 4.7 inayotaka kila mwanafunzi apate maarifa ya maendeleo endelevu na ya uraia wa ulimwengu ifikapo 2030. Miezi mitano kabla ya hapo, alfajiri ya tarehe 2 Aprili, watu wenye silaha wa kundi la Al-Shabaab walikivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, wakawatafuta hasa wanafunzi Wakristo. Watu 148 waliuawa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Matukio haya mawili hayakusababishana. Hata hivyo, mwalimu anayesimama mbele ya darasa mjini Garissa na kuandika ubaoni "uraia wa ulimwengu" hawezi kuyatenganisha, na wanafunzi wake pia hawawezi.

Makala haya yanachunguza historia ya maneno mawili yanayobeba shabaha hiyo katika Kiswahili, yaani raia na maendeleo, kama yalivyotumiwa na kutendwa katika eneo la Kaskazini Mashariki ya Kenya. Tunakubali kwamba asili ya neno si hukumu juu ya maana yake. Maana huamuliwa na matumizi. Lakini matumizi nayo yana historia, na hoja yetu ni kwamba maneno haya hayakufika Garissa yakiwa matupu. Chuo kikuu kitakachoyafundisha kama tafsiri tu za istilahi za kimataifa kitakuwa kimewafundisha wanafunzi wake kusahau.

2.0 Raia: kundi, mwananchi, asiye askari

Neno raia limetokana na Kiarabu, na mzizi wake ni ule wa kuchunga na kulisha mifugo. Raia, kwa asili, ni kundi. Mtawala ni mchungaji. Katika Kiswahili neno hili limesafiri mbali na malisho hayo. Lina maana ya mtu aliye chini ya mamlaka ya mtawala fulani. Lina maana ya mwananchi mwenye haki na wajibu katika nchi yake. Na lina maana ya mtu asiyekuwa askari, kama tusemapo kwamba polisi alikuja akiwa amevaa kiraia. Msemaji wa kawaida huchanganya maana hizi tatu bila ya taabu. Historia ya iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini inatulazimisha tuzitenge.

Serikali ya kikoloni iliwatambua wakazi wa huko kwa maana ya kwanza pekee. Sheria ya 1902 ya wilaya za pembezoni, ilipotumiwa huko, ililifanya eneo zima kuwa la kufungwa: hapakuwa na kuingia wala kutoka bila ya kibali. Sheria ya wilaya maalumu ya 1934 iliongeza uwezo wa kukamata na kuadhibu kabila zima kwa kosa la mtu mmoja. Kejeli iliyopo haihitaji kukuzwa: wachungaji hodari wa ngamia na ng'ombe waligeuzwa wao wenyewe kuwa kundi la kuzungushiwa ua.

Mwaka 1962 tume iliyoundwa na Uingereza ilibaini kwamba Wasomali walio wengi wa eneo hilo walitaka kujiunga na Somalia. Matakwa hayo hayakutekelezwa. Tarehe 28 Desemba 1963, majuma mawili tu baada ya uhuru, hali ya hatari ilitangazwa, na vita vikaendelea hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Hapa ndipo neno lingine lilipoingia katika Kiswahili cha Kenya kwa nguvu: shifta. Neno hili asili yake ni Kiamhara, na maana yake ni jambazi. Kwa kuliteua, serikali iliitoa vita hivyo katika uwanja wa siasa na kuvitia katika uwanja wa jinai. Kibaya zaidi ni kwamba neno halikubaki kwa mwenye bunduki. Mchungaji aliyekutwa porini na mifugo yake aliweza kuitwa shifta, na aliyeitwa hivyo alikuwa amekwisha kuvuliwa maana ya tatu ya raia. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali na askari wasishitakiwe kwa waliyoyatenda huko wakati wa vita. Hali ya hatari yenyewe haikuondolewa mpaka 1991.

Matokeo yake yameandikwa, miongoni mwa mahali pengine, katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013. Mnamo Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, askari waliuchoma mtaa wa Bulla Kartasi na kuwazuia wakazi kwa siku kadhaa katika uwanja wa shule. Mnamo Februari 1984, katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na wengi wao kuuawa. Serikali ilitaja vifo 57, ilhali walionusurika wamesisitiza kwamba idadi ilikuwa kubwa mno kuliko hiyo. Kisha, mwaka 1989, Wakenya wenye asili ya Kisomali waliamriwa wahakikiwe upya na kubeba kitambulisho cha ziada. Sikio la Mswahili haliwezi kulisikia jina la Bulla Kartasi bila ya kukumbuka karatasi, na karatasi ndiyo iliyokuwa mzigo wa wakazi hawa kizazi baada ya kizazi. Ni Februari 2025 tu, huko Wajir, ambapo Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kukomesha uhakiki wa pekee kwa vijana wa eneo hilo wanaoomba vitambulisho.

Si ajabu, basi, kwamba kaskazini pamezoeleka msemo wa kumuuliza mtu aliyetoka Nairobi habari za "Kenya", kana kwamba Kenya ni nchi jirani inayoanzia ng'ambo ya daraja la Mto Tana.

3.0 Maendeleo: kwenda na kukatazwa kwenda

Neno la pili ni la Kibantu tupu. Kutokana na -enda tunapata -endelea, ambapo unyambuaji unatia maana ya kuzidi kwenda bila ya kukoma. Kutokana nalo tunapata maendeleo, na katika miongo ya karibuni kivumishi endelevu. Kiini cha istilahi yote ni mwendo.

Katika nchi ya mvua haba, mwendo ndiyo elimu. Mfugaji huhamisha mifugo ili malisho yaliyoliwa yapumzike na kuota tena, na ili kisima kimoja kisielemewe. Anayejua lini pa kuondoka na lini pa kurejea anatenda jambo lile ambalo Umoja wa Mataifa umelipa jina la maendeleo endelevu. Lakini sera zilizokuja kwa jina la maendeleo zilimtaka mfugaji akome kwenda. Wakati wa vita, watu walihamishwa kwa nguvu hadi katika manyata zilizolindwa na askari; mifugo mingi ilikufa au kutwaliwa, na familia nyingi zikabaki pembezoni mwa miji bila ya mtaji wala kazi. Wakati uo huo, Waraka Rasmi Na. 10 wa 1965 juu ya Ujamaa wa Kiafrika uliamua kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwanza mahali penye rutuba, mvua na miundombinu, ambapo faida ingepatikana upesi. Kaskazini Mashariki haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla aliandika kijitabu Kenya: Twendapi?, kilichomtia kifungoni. Yeye alikuwa na mambo mengine ya siasa ya wakati huo mawazoni, lakini swali la anwani yake lingeweza kuulizwa na mkazi wa manyata kwa haki kubwa zaidi: twendapi, sisi tuliokatazwa kwenda?

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 picha imebadilika. Mwaka 2019 mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50 ulizinduliwa katika Kaunti ya Garissa, na jua lililohesabiwa kuwa balaa likawa rasilimali. Bado swali la nani anaendelea kwa maendeleo hayo ni la kuulizwa, na darasa la chuo kikuu ni mahali pake.

4.0 Chuo kikuu na daraja

Mwaka 2011 chuo cha ualimu cha Garissa kilipandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Umuhimu wa tukio hili kwa mada yetu ni mkubwa. Kwa miongo mingi, waliovuka Tana kutoka bara walikuwa hasa askari, maofisa na walimu waliohamishiwa huko, wengine wakiichukulia safari hiyo kuwa adhabu. Sasa walivuka vijana waliokuja kusoma pamoja na wenyeji. Kwa mara ya kwanza "Kenya" ilivuka daraja kwa wingi ikiwa raia kwa maana zote: mwananchi, na asiye askari. Hawa ndio waliouawa mwaka 2015. Baada ya shambulio walionusurika walihamishiwa Eldoret. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016 kikiwa na wanafunzi wachache, na Oktoba 2017 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili.

Katika siku za maombolezo, watu walisambaza majina na picha za marehemu, wakisisitiza kwamba 147, hesabu iliyotangazwa mwanzoni, haikuwa namba tu. Desturi hiyo ilikuwa sahihi, nayo inaturejesha Wagalla, ambako hata namba haijakubaliwa. Mtu anayejua kulia kwa ajili ya orodha moja ana msingi wa kuisikiliza nyingine.

Kaunti hiyo hiyo ina kambi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991. Kuanzia 2013, Vyuo Vikuu vya Kenyatta na Moi, pamoja na York cha Kanada, vilifundisha wakimbizi huko. Hapo istilahi yetu inapata mtihani wake mgumu zaidi: mtu anaweza kutunukiwa shahada na vyuo vya mabara mawili bila ya kupata uraia wa nchi anamoishi. Kiswahili kina neno mlimwengu, na katika mazungumzo yetu walimwengu ni watu wasiotarajiwa wema. Ikiwa "uraia wa ulimwengu" haumfikii mkimbizi wa Dadaab, basi Kiswahili kilikuwa na sababu ya kuwashuku walimwengu.

5.0 Hitimisho

Kiswahili kilifika kaskazini aghalabu kikiwa lugha ya amri, ya kambi na ya ofisi. Idara za Kiswahili haziwezi kujitoa katika historia hiyo kwa kutunga istilahi nzuri. Zinaweza kuanza kwa kazi iliyo karibu: kukusanya na kuhifadhi, kwa Kisomali na kwa Kiswahili, masimulizi ya wazee wa Bulla Kartasi, ya wajane wa Wagalla na ya wanafunzi walionusurika mwaka 2015, na kuyaweka yote katika mtaala mmoja. Wenye masimulizi ya 1980 na 1984 wanazidi kupungua kila mwaka. Kazi hiyo ikicheleweshwa, shabaha ya 4.7 itafundishwa Garissa, na itafanyiwa mtihani, lakini raia itabaki kuwa kundi.