Unapanga kwenda Davos kuteleza? Soma kwanza historia ya mji uliojengwa na wagonjwa

Tuseme uko Zurich kwa masomo, na wenzako darasani wamekuja na wazo: wikendi moja ya Februari twendeni Davos tukateleze kwenye theluji. Wao wameanza mchezo huo tangu watoto. Wewe theluji umeiona kwa mbali tu, juu ya Kilimanjaro, siku mawingu yalipokubali kufunguka. Basi unaanza kuuliza maswali ambayo mtu yeyote angeuliza. Kwa nini huko? Nitapandaje mlimani? Nivae nini? Na je, nitarudi mzima?

Maswali hayo yote yana majibu mazuri. Lakini mengi ya majibu hayo yana chanzo ambacho hutakiona kwenye matangazo ya hoteli: watu waliokuja Davos si kwa starehe, bali kwa sababu mapafu yao yalikuwa yanaoza.

Kwa nini Davos?

Davos iko mashariki mwa Uswisi, kwenye bonde lenye urefu wa mita 1,560 hivi juu ya usawa wa bahari. Namba hiyo isikutishe, Nairobi iko juu zaidi. Tofauti ni kwamba Nairobi iko jirani na ikweta, wakati Davos iko karibu nyuzi 47 kaskazini. Kule jua la Desemba hupita chini chini, huchomoza kwa saa chache, na joto lake husambaa kwenye eneo kubwa la ardhi. Ndiyo maana mwinuko ule ule unakupa sweta Nairobi na theluji Davos.

Mwaka 1853 alifika pale daktari kijana, Alexander Spengler. Alikuwa Mjerumani, mkimbizi wa kisiasa baada ya mapinduzi ya 1848 na 1849 kushindwa. Davos ya wakati huo ilikuwa bonde la wakulima na wafugaji, na daktari alipangiwa kazi huko kama mwalimu anavyopangiwa shule ya mbali. Spengler akaona jambo lililomshangaza: kifua kikuu, ugonjwa uliokuwa ukiua watu ovyo kwenye miji ya Ulaya, hakukiona kwa wenyeji. Tena wenyeji waliokwenda kutafuta maisha nje na kurudi wakikohoa, walipata nafuu wakiwa nyumbani.

Akahitimisha kwamba dawa ni hewa ya mlimani. Februari 1865 wagonjwa wawili kutoka Ujerumani walifika Davos katikati ya baridi. Watu waliona ni wazimu, maana mlimani watu walikwenda kiangazi. Wale wawili wakapata nafuu, na habari zikaenea. Mholanzi mmoja, Willem Jan Holsboer, alimleta mkewe mgonjwa mwaka 1867, akabaki, akaungana na Spengler kujenga nyumba kubwa ya matibabu, kisha akapigania reli. Treni ilifika Davos mwaka 1890. Ukibadilisha treni Landquart ukielekea Davos, unapita kwenye njia iliyojengwa ili wagonjwa wafike.

Sasa, Spengler alikuwa sahihi? Kwa sehemu ndogo tu. Mwaka 1882 Robert Koch alionyesha kwamba kifua kikuu husababishwa na bakteria, na hewa safi haiui bakteria walioko ndani ya mapafu. Kupumzika, kula vizuri na kukaa mbali na msongamano kuliwasaidia baadhi. Wengine wengi walizikwa huko huko. Dawa ya kweli ilianza na streptomisini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943. Ndani ya miaka michache vitanda vilianza kubaki vitupu, na majengo mengi ya wagonjwa yakageuzwa hoteli. Ukiona hoteli ya zamani yenye varanda ndefu zinazotazama kusini, jua kwamba kwenye varanda kama hizo watu walilazwa kwa saa nyingi, wamefungwa mablanketi, wakisubiri kupona.

Usidhani fikra hiyo iliishia Ulaya. Hospitali ya Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ilianza miaka ya 1920 kama kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu, na mpaka leo ndiyo jina kubwa Tanzania katika kuutibu ugonjwa huo. Kule hewa ilibaki hewa, lakini dawa zilifika na kazi ikaendelea. Davos ilichukua njia nyingine: iliacha kuuza hewa, ikauza theluji.

Nitapandaje juu?

Hata mchezo wenyewe uliingia kupitia mlango wa ugonjwa. Arthur Conan Doyle, mwandishi wa Sherlock Holmes, alikuja Davos kwa sababu mkewe alikuwa na kifua kikuu. Machi 1894 alivuka mlima kutoka Davos hadi Arosa kwa ski akiwa na ndugu wawili wa hapo mjini, wa ukoo wa Branger. Baadaye mwaka huo huo aliiandika safari hiyo kwenye jarida moja la London, na Waingereza wengi wakausikia mchezo huo kwa mara ya kwanza.

Tatizo la enzi hizo lilikuwa kupanda. Unapanda saa mbili, unateremka dakika kumi, jasho lote limekwisha. Mwaka 1932 reli ya kuvutwa kwa kamba ya chuma ilikamilika hadi Weissfluhjoch, mita zaidi ya 2,600. Na Desemba 1934, kwenye mteremko wa Bolgen mjini Davos, mhandisi Ernst Constam alifungua mtambo wake: kamba inayozunguka bila kusimama, yenye vishikio vinavyomsukuma mtu kwa nyuma huku amesimama kwenye ski zake. Mitambo ya aina hiyo ilisambaa duniani.

Ubao mmoja, ule unaosimama kwa ubavu kama anayeteleza kwenye mawimbi, ulichelewa. Mwaka 1965 huko Michigan, Marekani, Sherman Poppen aliunganisha ski mbili ili mabinti zake wacheze. Vijana wakaupenda, wenye milima wakauchukia. Maeneo mengi yaliupiga marufuku mpaka miaka ya 1980, na machache Marekani bado yanaukataa. Lakini mwaka 1998, huko Nagano, ubao uliingia kwenye Olimpiki. Davos hutakatazwa. Ila kumbuka: ule mtambo wa Constam ulibuniwa kwa mtu mwenye ski mbili anayetazama mbele. Wewe uliyesimama ubavu utayumba, na huenda ukaanguka mara ya kwanza. Kodi ubao na viatu pale pale mjini, na siku ya kwanza lipia mwalimu.

Nivae nini?

Kila mtu atakuambia koti. Mimi nakuambia miwani. Na sababu ni baba mmoja, Carl Dorno, mfanyabiashara Mjerumani aliyehamia Davos kwa ajili ya binti yake mgonjwa. Alijiuliza swali ambalo madaktari walikuwa wakilipita juu juu: ikiwa hali ya hewa ya huku inaponya, ina nini hasa? Mwaka 1907, kwa fedha zake mwenyewe, akaanzisha kituo cha kupima mwanga wa jua, pamoja na ile mionzi ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho. Kituo hicho bado kipo, na tangu 1971 ndicho kituo cha dunia cha mionzi ya jua. Kila baada ya miaka mitano wataalamu kutoka nchi mbalimbali hubeba vipimo vyao hadi Davos kuvilinganisha na vya pale.

Tulichojifunza ni hiki: kila ukipanda mita 1,000, mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10, na theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi inayoipiga. Yaani unachomwa kutoka juu na kutoka chini. Ngozi nyeusi inakusaidia kiasi, lakini macho yako hayana kinga hiyo. Mtu anaweza kushinda mlimani bila miwani, usiku akalala macho yanawaka kama yametiwa mchanga.

Nitarudi mzima?

Hapa ndipo pa kusoma polepole. Pale Davos Frauenkirch kuna kanisa la zamani ambalo ukuta wake upande wa mlimani umechongoka kama pua ya jahazi. Lilijengwa hivyo mwanzoni mwa karne ya 17 baada ya maporomoko ya theluji, ili yakija tena yagawanyike na kupita kando.

Mji ulipojaa wageni, pua ya kanisa haikutosha tena. Mwaka 1936 watafiti walijenga kibanda cha kazi Weissfluhjoch, wakaanza kuchimba theluji na kuisoma tabaka kwa tabaka. Mwaka 1942 ikaanzishwa taasisi kamili. Waligundua kwamba hatari mara nyingi haiko kwenye theluji unayoiona. Iko kwenye tabaka dhaifu lililozikwa chini, la chembe zisizoshikana, kama sukari. Juu yake ukikaa ubamba mgumu, uzito wa mtu mmoja unatosha kuuachia. Majira ya baridi ya 1950 hadi 1951 yaliua watu karibu mia moja Uswisi peke yake, na baada ya hapo nchi iliongeza sana kasi ya kujenga uzio na kuchora ramani za hatari.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1994, kwa takwimu za Uswisi, ulionyesha kwamba waliofukiwa na kuchimbuliwa ndani ya dakika 15 hivi, wapatao 9 kati ya 10 walipona. Ikifika dakika 35, ni kama 3 tu kati ya 10. Helikopta ni nadra kukuwahi. Anayeweza kukuokoa ni mwenzako aliye karibu, mwenye redio ya kutafutia, fimbo ndefu na koleo.

Basi nipange vipi?

Epuka ile wiki ya Januari ya mkutano wa Jukwaa la Uchumi Duniani, maana vyumba vyote vimeshikwa na bei imepaa. Ukitokea Afrika Mashariki, viza ya Schengen ianze mapema. Bima yako iseme wazi kwamba inalipia uokoaji mlimani. Na usidhani theluji ni ya kudumu: siku hizi Davos huhifadhi rundo kubwa la theluji kiangazi kizima chini ya vumbi la mbao, ili Oktoba wapate njia ya kuanzia mazoezi ya ski.

La mwisho. Majira ya baridi, saa 11 jioni, taasisi ile hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko, bure, na huihuisha saa 2 asubuhi. Kipimo kina ngazi 5. Watu wakiona 3 husema, "Ah, ni wastani." Lakini ni kwenye ngazi ya 3 ambapo vifo vingi hutokea, kwa sababu 4 na 5 huwatisha watu wakabaki ndani. Wewe mgeni kaa kwenye njia zilizowekewa alama, siku ya 3 na siku ya 1. Na rafiki akikuita upite chini ya kamba kwa sababu "huku kuna theluji safi", mwache aende peke yake, au bora zaidi, mzuie.