Unataka Kununua Projekta ya Kugusa? Cheki Hivi Vitu Kabla Utoe Doh

Mwaka jana mimi na wasee watatu tulichanga thao hamsini na kitu tununue projekta ya kugusa, ile unaandika kwa ukuta na kalamu kama ni ubao wa shule. Tulikuwa tunaanzisha tuition ya kompyuta kwa chumba kimoja hapo mtaani na tulijua hiyo mashine ndiyo itavuta watoto. Muuzaji huko tao akaiwasha, picha ikatokea kali, tukaangaliana, tukalipa. Kufika besi tunatoa kalamu kwa boksi, tunagusa ukuta, hakuna kitu. Kumbe kalamu ilikuwa ya projekta ingine kabisa. Tukabaki na projekta ya kawaida tuliyonunua kwa bei ya ile ya kugusa. Na duka lenyewe? "Bidhaa ikishatoka hairudi."

Kwa hivyo kama una plan kama hiyo, iwe ni ya tuition, youth ya kanisa ama ofisi ya chama, soma hii kwanza ndio usioshwe.

Elewa venye hii kitu inafanya kazi, juu hapo ndipo wengi huchezwa. Picha inatoka kwa projekta kama kawaida. Kalamu nayo ina taa ndogo kwa ncha inayotoa mwanga wa infraredi, ule jicho lako haliuoni. Kando ya lensi kuna kamera inayoona hiyo ncha iko wapi, halafu projekta inaambia kompyuta, "mausi iko hapa." Ujumbe huo kwa kawaida unapita kwa waya wa USB. HDMI inaleta picha na sauti tu. Ukiona muuzaji amechomeka HDMI peke yake na anakuambia "si unaona inafanya", jua bado hajakuonyesha kile unachonunua.

Siyo uchawi, by the way. Mwaka wa 2007 jamaa anaitwa Johnny Chung Lee alichukua rimoti ya gemu ya Nintendo Wii, ambayo ina kamera ya infraredi ndani, akaongeza kalamu ya kujitengenezea na projekta ya kawaida, akapata ubao wa kugusa. Ukielewa hivyo, hakuna muuzaji atakutisha na maneno makubwa.

Sasa kalamu. Uliza ni ngapi, na hakikisha ni za modeli hiyo hiyo. Kalamu ya kampuni moja haiongei na projekta ya kampuni ingine, na hata ndani ya kampuni moja, ya toleo la zamani inaweza kukataa kwa jipya. Angalia ncha kama imeisha, fungua mahali pa betri uone kama kuna kutu ya kijani. Kama unaambiwa inaguswa hata na kidole, uliza kile kifaa kidogo kinachofungwa juu ya ubao kiko wapi. Modeli nyingi za kidole hutegemea hicho kifaa kutandaza laser nyembamba mbele ya ubao, na kidole kikikata hiyo laser ndipo projekta inajua umegusa. Kwa mtumba wa ex-UK ni rahisi sana kifaa hicho kubaki kwa ukuta wa shule ilikotoka. Bila hicho, kidole chako ni kidole tu.

Beba laptopi yako mwenyewe dukani. Usikubali ya muuzaji, hiyo imeshawekwa kila programu. Chomeka HDMI na USB zote mbili, kisha mwambie alinganishe kalamu na picha ukiona. Zitatokea nukta unazogusa moja baada ya nyingine. Hiyo kazi utairudia kila projekta ikisukumwa hata kidogo, kwa hivyo afadhali ujifunze hapo. Halafu fungua programu ya kuchora na uandike jina lako kwa pembe zote nne. Katikati karibu zote hufanya poa, ni pembeni ndipo ukweli hutoka. Chora mstari mrefu polepole: ukitetemeka kama wa mtoto wa nursery, ama wino ukifuata kalamu ukiwa nyuma sana, fikiria tena. Uliza pia kama inahitaji programu maalum ya kuandikia, na kama inakubali mfumo wa kompyuta unayotumia. Projekta ya miaka mingi inaweza kuwa na programu ambayo kompyuta mpya haitaki kuiona.

Mwangaza ndio eneo la uongo mwingi zaidi. Utaona boksi limeandikwa "lumens 9000" kwa kaprojekta kadogo unakabeba na mkono mmoja. Tafuta neno ANSI kando ya hiyo nambari. ANSI ni kipimo kinachochukuliwa kwa sehemu tisa za picha kisha kinatafutwa wastani, siyo kukadiria tu. Bila hilo neno, kampuni inaweza kuandika chochote, na ukipima kwa njia halali unaweza kupata mia chache tu. Kwa darasa lenye madirisha, usiende chini ya 3,000 za ANSI. Na ujaribu taa za duka zikiwa zimewaka, siyo kwa kile kichumba cha nyuma chenye pazia nyeusi.

Jua pia ina noma yake hapa ambayo watu hawaambiwi. Mwanga wa jua una infraredi, ile ile kamera inatafuta kutoka kwa kalamu. Jua likipiga ubao moja kwa moja, mausi inaweza kuruka ruka yenyewe ama kalamu ikazubaa. Chumba chetu kina mabati ya kupitisha mwanga pale juu, ilibidi tufunike.

Uongo mwingine uko kwa ubora wa picha. "Inasapoti 1080p" maana yake ni kwamba inakubali kupokea hiyo picha, kisha inaipunguza iingie kwa uwezo wake. Uliza pikseli zake za asili ni ngapi. Nyingi za darasani ni WXGA, yaani 1280 kwa 800, na kwa kuandika na kufunza hiyo ni fiti. XGA ya 1024 kwa 768 ni ya umbo la TV ya zamani, itakuachia nafasi tupu juu na chini ukicheza video ya siku hizi.

Kuhusu umbali, kuna hesabu moja tu: umbali kutoka kwa lensi hadi ukuta, ugawanye kwa upana wa picha. Projekta yenye 0.3 inatoa picha ya mita 2 ikiwa sentimita 60 kutoka ukutani. Yenye 1.5 inahitaji mita 3 kwa picha hiyo hiyo. Kwa ya kuandikia unataka ile ya karibu, juu ukisimama mbele ya ile ya mbali kivuli chako kinafunika kila kitu, kamera haioni ncha ya kalamu, na taa inakuchoma macho. Lakini ya karibu nayo haina huruma na ukuta. Mwanga unapiga ukiwa umelala, kwa hivyo kila kibonge cha plasta kinapinda picha. Zile skrini za kuvuta chini pia ni kazi bure, zinabonyea ukigusa. Weka bajeti ya ubao mweupe ulionyooka na usiong'aa sana, na ya chuma cha kushikilia mashine ukutani, maana mara nyingi kinauzwa kando na mzigo wenyewe unaweza kupita kilo tano. Waya wa USB pia: wa kawaida haufai kupita mita 5, zaidi ya hapo tafuta ule wenye kiongeza nguvu.

Kama ni mtumba, ingia kwa menyu utafute masaa ya taa. Taa za kawaida zinakaa masaa elfu chache, na kwa hali ya kubana moto zingine zinafika 10,000. Za laser nyingi zinaandikwa 20,000, na hizo hubadilishi taa. Shida ni kwamba hayo masaa yanaweza kurudishwa sufuri na mtu yeyote mwenye rimoti. Ukiambiwa imetumika masaa 40 na kichujio cha hewa kimejaa vumbi kama zulia, ama vibonyezo vimefutika maandishi, wewe cheka tu uende duka lifuatalo. Uliza bei ya taa mpya kabla hata ujadiliane bei ya projekta, na kama inapatikana Nairobi.

Halafu weka picha nyeupe tupu, ijaze ukuta. Ukiona madoa ya manjano ama ya bluu, vipande vya ndani vimeungua na moto. Vijinukta vyeupe vingi kama nyota ni ugonjwa wa projekta za DLP, na vinaendelea kuongezeka. Weka nyeusi pia: vumbi lililoingia ndani litaonekana kama mawingu madogo. Baada ya hapo iache iwake nusu saa huku mkipiga story. Muuzaji akianza kuharakisha hapo, hiyo ni jibu. Mashine yenye feni mbovu hujizima yenyewe kama dakika ya kumi na tano hivi.

Stima ya mtaa unaijua. Taa inapokuwa moto na umeme ukatike ghafla, feni inasimama kabla ya kuipoza, na ukirudia hivyo kila wiki taa haitafika umri wake. UPS ndogo inatosha kukupa dakika za kuizima vizuri.

Lipa ukishajaribu, siyo kabla. Usitume M-Pesa kwa mtu wa mtandaoni ati "nitakuletea na rider". Risiti iandikwe modeli, namba ya mashine, idadi ya kalamu, na maneno "ya kugusa" kabisa, pamoja na muda wa waranti. Kenya ina sheria ya kulinda mnunuzi ya mwaka 2012, na Katiba kwa kifungu cha 46 inakupa haki ya bidhaa ya ubora unaofaa, lakini bila karatasi utaanza kuthibitisha na nini? Sisi yetu ilikuwa imeandikwa "projekta moja" tu.

Kalamu yenyewe tulikuja kuipata baada ya miezi miwili, kwa fundi aliyekuwa na projekta iliyokufa ya modeli yetu. Inatumia betri moja ya AA, na siku ya kwanza ya darasa iliisha katikati ya somo. Nunua pakiti nzima.