Uzaramo Katika Maandishi ya Wasafiri wa Karne ya 19

Eneo ambalo leo limo katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, lilijulikana kwa wasafiri wa karne ya 19 kama sehemu ya Uzaramo, yaani nchi ya Wazaramo iliyo kati ya Mto Ruvu, ambao wageni waliuita Kingani, na Mto Rufiji. Kwa kuwa Uzaramo ilikuwa mlango wa misafara iliyotoka Kaole na Bagamoyo kwenda bara, iliandikwa mapema kuliko sehemu nyingi za ndani, lakini sifa iliyopewa haikuwa nzuri, na chanzo cha sifa hiyo hakieleweki mpaka ichunguzwe namna kila mgeni alivyoingia na alivyopokewa.

Ulinganisho unaofaa unapatikana kwa Ibn Battuta, mwanazuoni wa Tangier katika pwani ya Morocco, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Yeye alikuja kwa njia ya bahari, akapokewa kama mwanasheria wa Kiislamu miongoni mwa Waislamu wenzake, wala hakupita bara. Kwa hiyo maelezo yake yamejaa misikiti, uchaji na ukarimu, hasa wa Sultani Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, ambaye alimpa fakiri mmoja kutoka Yemen nguo alizokuwa amevaa mwilini.

Waingereza Richard Burton na John Speke, walioondoka Kaole mwaka 1857 kuyatafuta maziwa makuu, waliingia kwa hali nyingine kabisa. Walikuwa na askari wa Kibaluchi waliopewa na Sultani Majid wa Unguja, pamoja na mizigo ya nguo na shanga, nao walikuwa wamekwisha kusikia habari za Maizan, ofisa kijana wa jeshi la majini la Ufaransa aliyeuawa mwaka 1845 huko Dege la Mhora kwa amri ya Mazungera, mkuu wa mahali hapo. Hofu iliwatangulia njiani, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860 Burton aliwaeleza Wazaramo kuwa watu wa kelele na ukaidi. Hata hivyo, jicho lake lilikuwa kali kuliko hukumu yake, kwani aliandika kwa undani jinsi wanaume walivyozipaka nywele zao udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ya ufuta au ya mbarika, kisha wakazisokota vishungi vidogo vidogo kuzunguka kichwa.

Jambo lililowaudhi zaidi wasafiri hao lilikuwa hongo, yaani ushuru wa njia, uliolipwa kwa nguo kama merikani, ambayo ni shuka nyeupe ya pamba, na kaniki, ambayo ni nguo ya rangi ya nili. Speke, aliyerudi na James Grant mwaka 1860, aliwataja wakuu wawili, Kombe la Simba, aliyeridhika upesi, na Mkia wa Nyani, aliyedai zaidi. Na katika masimulizi yake madai ya namna hiyo yanaonekana kama unyang'anyi tu. Kwa Wazaramo, hata hivyo, hongo ilikuwa haki ya pazi, yaani mkuu wa kijiji au wa eneo, na cheo hicho kina historia yake: masimulizi ya wenyeji yanaeleza kwamba Pazi Kilama, aliyetoka upande wa Uluguru, aliwasaidia Washomvi wa pwani kuwashinda Wakamba waliowavamia, na kwa msaada huo akastahili kupewa ada. Aliyepita bila kutoa kitu, basi, alikuwa ameidharau nchi.

Biashara ya sandarusi nayo iliandikwa kwa mtazamo huohuo. Sandarusi ni utomvu wa kale wa mti wa msandarusi, uliogeuka kuwa mgumu ardhini, na Wazaramo waliuchimba katika udongo mwekundu kwa vishimo vifupi, wakauuza pwani, nao ukasafirishwa kutoka Unguja hadi Salem, Massachusetts, kutengenezewa vanishi. Burton aliona uvivu katika vishimo hivyo, ingawa mchimbaji alikuwa kwanza mkulima, na bei kubwa ya sandarusi ilipatikana baada ya kutoka mikononi mwake.

Utawala wa Wajerumani uliondoa uwezo wa mapazi wa kudai hongo, na reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, ikipitia Pugu, Soga na Ruvu, ilimwezesha mgeni kuvuka Uzaramo kwa saa chache bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote. Maandishi ya wasafiri wa misafara yanabaki kuwa hazina kwa mwanahistoria wa Kibaha na Kisarawe, mradi asome shutuma zao kama malalamiko ya wageni waliotozwa, na maelezo yao ya nywele, nguo na vishimo kama ushahidi wa watu walioona kwa macho yao.